Vipandio Mia Mbili na Kumi na Vinne

Miaka thelathini na mmoja niliwapandisha wengine
nimeketi.
Kibanda cha bati, mkono wangu kwenye wenzo,
chini Mto Kvirila, mweusi kwa vumbi la manganisi,
juu wachimbaji wakirudi, nyuso zote macho tu,
na gari la kamba likinguruma kama tumbo la mwenye njaa.
Nilijua uzito wa kila mtu mjini.
Wangu sikuujua.

Kisha kamba ikachakaa, gari likatiwa kufuli,
na Otia wangu, aliyetangulia mwezi uleule,
akazikwa juu, makaburini, ukingoni mwa jabali,
vipandio mia mbili na kumi na vinne kutoka mlangoni pangu.
Nilivihesabu kwa macho.
Kwa miguu niliishia cha arobaini,
nikakaa na mayai mekundu ya Pasaka mapajani,
nikayala yote mawili, lake na langu,
nikashuka kwa matako, kama mtoto.

Zahanati, binti mmoja, Tekle, mwembamba kama ufagio,
akanipa kiti.
"Kunja mikono kifuani, bibi. Inuka, keti. Mara tano."
Saa yake ikatembea.
Mara tatu; ya nne nikashika ukuta.
Hakucheka. Aliandika.
Akasema: msuli haujui cheti cha kuzaliwa,
unajua tu kama umeitwa au haukuitwa.
Nikamwambia: wa kwangu ulistaafu kabla yangu.

Basi nikauita.
Asubuhi, maji ya chai yakiwa motoni,
nainuka kwenye kiti cha jikoni, naketi, nainuka,
hadi birika lipige mluzi.
Naosha vyombo kwa mguu mmoja kama korongo,
wa pili ukingoja zamu, ukinung'unika.
Chupa mbili kubwa za mchuzi wa plamu
nazibeba stoo hadi dirishani, dirishani hadi stoo,
bila kumpelekea mtu.
Jirani Valiko, kichwa nje, kete mkononi:
"Lamara, unahama?"
"Nahamia juu," nikamjibu.
Akapiga ishara ya msalaba.

Cha arobaini. Juma la pili, cha hamsini na tatu.
Januari barafu ikaniangusha,
kifundo kikavimba kama mkate,
nikarudi ishirini.
Nililia, si kwa maumivu, kwa hesabu.
Tekle akasema, kula maharage, jibini, mayai,
mwili haujengwi kwa chai, bibi.
Nikala. Nikaanza tena.
Haba na haba hujaza kibaba, wanasema;
hawasemi kwamba kibaba chenyewe kina tundu,
ukilala juma moja kinavuja,
na unarudi kisimani na ndoo ileile.

Wewe goti la kushoto, nakusema.
Unalia kama bawaba ya lango la kanisa.
Lia. Lango lile hufunguka kila Jumapili;
lisilolia, la bohari ya mgodi,
limeshikwa na kutu, halifunguki hata kwa nyundo.

Pasaka iliyofuata nilianza saa mbili asubuhi.
Nilipumzika mara sita. Moja kati ya hizo
nilikuwa nampisha mbuzi.
Nikafika, moyo ukinidunda masikioni,
nikashika msalaba wake kwa mikono miwili.
"Ngoja nipumue kwanza," nikamwambia Otia,
naye, kama kawaida yake, akangoja.
Kisha nikaliviringisha yai juu ya udongo.

Sasa kuna gari jipya, la vioo, lina muziki.
Wamenipa tiketi ya bure, ya maisha,
wakanipigia makofi, wakanipiga picha.
Siku za mvua nalipanda; sina ukaidi wa punda.
Siku nyingine namwonyesha kijana wa wenzo
ngazi, kwa kidevu,
naye anatikisa kichwa, anafunga mlango.

Leo asubuhi nimemkuta Valiko
kwenye kipandio cha tisa, ameketi, anahema,
shati limemganda mgongoni.
Anasema anatafuta kete iliyomdondoka.
Sikumuuliza imefikaje huku.
Nimekaa naye
hadi akaipata.